Gaudensi Hana Kanisa

Sehemu ya Saba

TANGAZO RASMI. Wananchi wote wa Unguja na Pemba, wa mjini na wa shamba, wake kwa waume, mnaarifiwa kwa heshima na taadhima kwamba kiatu cha Bi Skolastika, kiongozi wa kwaya ya Kanisa la Mtakatifu Anisia, ambacho wiki iliyopita tulikiacha kikining'inia hewani, kimekwisha kutua.

Kilimkosa aliyekusudiwa.

Kwa wale ambao gazeti lao la wiki iliyopita lilifungiwa vitumbua kabla hawajalisoma, mambo yalikuwa hivi. Gaudensi Komba, mvunja mawe wa Mangapwani, alikufa kwa homa. Hakuwa na mke, wala ndugu hapa kisiwani. Majirani zake, Waislamu watupu, walimtia katika jeneza, wakampakia kwenye pikapu, wakamleta mjini kanisani kwake ili wenziwe wamzike. Ibada ya Jumapili ilikuwa ndiyo kwanza inatoka. Mzee Zebedayo, mwenyekiti wa baraza la kanisa, aliliona jeneza, akalifunga geti la chuma kwa mnyororo, akasema, "Huyu si wetu."

Hapo ndipo Bi Skola alipovua kiatu.

Kilikuwa kiatu cha Jumapili, cha ngozi, kisigino kigumu. Mzee Zebedayo, ambaye tangu ujana wake hajapata kuinamisha kichwa mbele ya binadamu, siku hiyo aliinamisha. Nyuma yake alisimama mhazini.

"Mama yangu, pua!" akalia mhazini.

"Umempiga mhazini!" akafoka mwenyekiti.

"Nimekosea," alisema Bi Skola. "Asogee kidogo, nikupate wewe."

Hakuna aliyecheka. Kwaya nzima ilikuwa imejipanga ngazini na majoho yake ya zambarau, majoho aliyoyashona Bi Skola mwenyewe kwenye duka lake la Mkunazini, na kila mmoja aliitazama ncha ya kiatu chake kama mwanafunzi aliyeulizwa nani kala sukari ya bweni.

"Padri anajua?" aliuliza Bi Skola.

"Padri yuko Pemba kwenye mkutano, na simu yake haipatikani. Asipokuwepo padri, baraza ndilo linaloamua, na baraza limeshaamua."

"Limekaa saa ngapi hilo baraza?"

"Nimekaa sasa hivi," alisema Mzee Zebedayo.

Nje ya geti jua lilikuwa kali. Mwanamume mmoja mrefu, mwenye kanzu iliyotiwa vumbi na safari, alizishika nondo za geti kwa mikono miwili. Huyo ni Mbarouk, aliyekuwa jirani wa Gaudensi, mlango kwa mlango.

"Shikamoo, mzee," alisema Mbarouk.

"Marahaba. Mrudisheni mlikomtoa."

"Kwa kosa gani?"

"Amesilimu huyu. Ramadhani nzima ameonekana na kofia kichwani. Amefunga. Amekula futari nyumbani kwako. Tunazo habari zake zote."

Mbarouk aliwatazama wenziwe garini, kisha akamrudia mzee. "Kofia nlimpa mie. Jua la machimboni linapasua kichwa. Kufunga, kafunga, maana mtaa mzima hakupikwi mchana, angekula mawe? Na futari kala. Ulitaka tumfungie mlango magharibi, sisi tunakula, yeye ananusa?"

"Hayo ni yenu. Sisi tuna utaratibu."

Mlango wa mbele wa pikapu ukafunguka. Akashuka mama mnene, buibui limemkaa upande, ghadhabu imemkaa sawasawa. Bi Mwanaasha, aliyekuwa akimpikia Gaudensi uji alipokuwa mgonjwa.

"Niacheni niseme mie," alisema. "Weye mzee, huyu Gaudensi alikuwa mlevi. Nimesema, na yumo ndani ananisikia. Akilewa akiimba, na akiimba mbuzi zangu hawalali. Nimemtukana mpaka matusi yakanishia. Lakini kila Krismasi kuku wake alikuwa hamchinji mwenyewe. Anamleta kwa Mbarouk amchinje, ili na sisi tupate kula sikukuu yake. Sasa nambie. Mtu alosilimu anampelekea Muislamu kuku wa Krismasi wa nini?"

Kwenye ngazi, mtu mmoja wa sauti ya nne alikohoa. Mzee Zebedayo akageuka, na kikohozi kikafa palepale.

"Unaona!" alisema Bi Skola. "Hata kuku anajua huyu ni Mkristo. Fungua geti."

"Sifungui. Leo nikimzika mlevi asiyeonekana kanisani, kesho kila mtu atakaa nyumbani na chupa yake, akingoja siku ya kufa tumbebe. Ndiyo imani hiyo?"

"Na kumwacha juani ndiyo imani?"

Sasa wasomaji, hapa naomba mkae vizuri. Mzee Zebedayo hakukasirika. Alitabasamu. Na mzee wa kanisa akitabasamu katikati ya ugomvi, jua ana kitu mfukoni.

"Bi Skola," alisema taratibu, "waambie wageni wetu. Kwa nini Gaudensi aliacha kuja kanisani?"

Bi Skola aliutazama mguu wake usio na kiatu.

"Hukumbuki? Nitakusaidia. Pasaka ya mwaka juzi. Kanisa limejaa, wageni kutoka bara wamekaa mbele. Marehemu alikuwa kwenye kwaya, anaimba kwa moyo wake wote. Nani alisimamisha wimbo? Nani alimwambia mbele ya kadamnasi, 'Gaudensi, ukitaka kumsifu Mungu, msifu kimya kimya, huko kwenu kwenye mawe'?"

Bi Skola alikumbuka vizuri sana.

Ni yeye. Alisema hivyo hivyo, neno kwa neno, na watu wakacheka. Gaudensi naye alicheka. Alivua joho, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti, akatoka. Tangu Jumapili ile hakuonekana tena, na Bi Skola, Mungu amsamehe, alifurahi kwamba sauti ya tatu imetulia.

"Basi usinifundishe mimi nani wa kumfungia mlango," alisema Mzee Zebedayo. "Mimi nimefunga geti tu. Wewe ulishamtoa."

Ilikuwa kweli. Hilo ndilo lililomchoma. Mtu unayemchukia anaposema uongo, unapumua. Anaposema kweli, pumzi huna.

Bi Mwanaasha alimtazama Bi Skola kwa jicho jipya. "Kumbe ni weye," alisema. "Alikuwa akisema kuna mwanamke mjini anajua kuimba kushinda wote. Hakusema kama alimfukuza."

Afadhali angemtukana.

Mbarouk akaachia nondo, akajifuta jasho. "Jamani, sikilizeni. Kwetu maiti hawekwi. Huyu tokea jana magharibi yuko ndani ya sanduku, na sisi roho zinatuuma. Kama hamumtaki, hamumtaki. Mie nna shamba langu, pembeni pana nafasi. Tutamzika wenyewe."

"Mzikeni," alisema Mzee Zebedayo. "Nani kawazuia?"

"Hatuzuiliwi. Ila hatutaki kumzika kama tunavyozikana sisi. Mwenyewe hakuwa hivyo, na maiti hageuzwi dini. Sasa nnakuombeni kitu kimoja tu, kisha tunaondoka." Mbarouk aliuweka mkono kifuani. "Tufundisheni. Nyinyi mkizika mnasema maneno gani? Tuambieni tu, tutayasema sisi."



Mhazini aliacha kuugulia pua. Mtoto wa mtu aliyekuwa akila karanga aliacha kutafuna. Kwaya ya Mtakatifu Anisia, yenye sauti nne na vikombe vya mashindano kabatini, haikuwa na sauti hata moja.

Bi Skola aligeuka, akapanda ngazi, akaingia kanisani.

"Naye amejua kosa lake," alisema Mzee Zebedayo. "Mwacheni akatubu."

Alikuwa amekosea. Bi Skola hakupiga magoti. Alipita katikati ya viti, mguu mmoja na kiatu, mmoja bila, akafika mbele, akavua na kile kilichobaki. Kando ya madhabahu ulisimama msalaba wa maandamano, wa mti wa mninga, mrefu kumshinda yeye, na kwenye shina lake kibao cha shaba chenye jina la mzee aliyeutoa zawadi. Aliung'oa kwenye kitako chake, akauweka begani, akatoka kwa mlango mdogo wa sakristia.

Mlango ule unatokea uchochoroni. Uchochoro unazunguka ukuta. Mwisho wa ukuta ni barabara, na barabarani ni pikapu.

"Msalaba!" Mhazini ndiye aliyeona kwanza. "Mwenyekiti, anatoroka na msalaba!"

Mzee Zebedayo alikimbilia geti. Akakumbuka amelifunga mwenyewe. Akatafuta ufunguo mfuko wa kulia, haumo. Wa kushoto, haumo. Mnyororo ule aliokuwa akiutingisha kwa fahari sasa ulikuwa umemfungia ndani na baraza lake lote.

"Bi Skola! Huo ni msalaba wa baba yangu!"

"Nilidhani ni wa Yesu," alisema Bi Skola, akiupokeza msalaba kwa watu wa pikapu.

"Ukipanda gari hilo umejitenga na meza ya Bwana! Nakutenga leo, sasa hivi, mbele ya kanisa!"

"Meza mmeifungia mnyororo, mzee. Utanitenga nayo vipi tena?"

Kisha akageukia kwaya yake, iliyokuwa imesongamana nyuma ya geti. Watu aliowafundisha. Watu aliowashonea majoho kwa mikono yake. "Nani anakuja? Ukuta si mrefu. Sakristia iko wazi. Nani?"

Wa sauti ya kwanza waliwatazama wa sauti ya pili. Yule wa sauti ya nne alikohoa tena, na mara hii hakuhitaji mtu wa kumnyamazisha.

Hakuja mtu.

"Imbeni basi," alisema Bi Skola. "Si ndiyo kazi yenu?" Pikapu ikaondoka.

Bi Skola alikaa nyuma na wanaume wa Mangapwani, jeneza katikati, ameukumbatia msalaba uliokuwa ukipigwa na upepo huku na huku. Hasira ilimtetemesha kuliko barabara. Alimkasirikia Zebedayo na tabasamu lake. Aliwakasirikia wale wa ngazini. Alimkasirikia hata Gaudensi, kwa kulikunja vizuri lile joho. Angelitupa chini, leo ingekuwa rahisi.

Walipopita Bububu mikono ikaanza kumwuma. Mbarouk akaona.

"Nipokeze," alisema.

"Huu?"

"Si mti? Jeneza tunapokezana, kila mtu hatua zake. Huu hauna thawabu?"

Akaupokea, akausimamisha sawa, akasoma kimoyomoyo anachosoma yeye. Mbele kidogo akampokeza mwenziwe. Mwenziwe akampokeza mwenziwe. Basi msalaba wa maandamano wa Mtakatifu Anisia, uliozoea kubebwa na watu wenye glavu nyeupe, ulifika Mangapwani umeshapita katika mikono ya Waislamu wote wa pikapu ile.

Shambani kwa Mbarouk kaburi lilikuwa tayari. Vijana waliobaki nyuma walipigiwa simu njiani, wakalichimba kwa bidii, wakalisafisha, kingo zimenyooka kama zimepimwa na mwashi. Bi Mwanaasha alishuka, lakini alisimama mbali, chini ya mikarafuu, kwa sababu kwao wanawake hawaendi kaburini. "Mie nasindikiza tu," alisema. "Sizikani."

Jeneza likashushwa. Likakwama.

Wakalinyanyua, wakaligeuza. Likakwama tena.

"Kuna nini?" aliuliza Bi Skola, akachungulia.

Kaburi lilikuwa zuri kabisa. Kwa Muislamu. Vijana walichimba kama walivyofundishwa na baba zao: chini wakatia mwanandani, ule mfereji mwembamba wa kumlaza maiti kwa ubavu akiwa na sanda yake. Mwanandani haumtoshi mtu aliyelala chali ndani ya mbao. Na mbao zenyewe zilikuwa kazi ya Mahfoudh, fundi wa vitanda, ambaye maisha yake yote hakuwahi kutengeneza sanduku la maiti. Alipima kitanda cha futi tatu na nusu, akakitia kuta na kifuniko.

"Mahfoudh!" aling'aka Mbarouk. "Umemfanyia sanduku la watu wawili?"

"Nlitaka alale kwa nafasi," alisema Mahfoudh, karibu kulia. "Kitandani kwake alikuwa anabanana."

"Na nyie! Nani kakwambieni mtie mwanandani?"

"Kaburi si kaburi?" alijibu kijana mmoja, jembe begani. "Hukusema kama yao yana umbo jingine."

Wakaanza kubishana, wote kwa pamoja, huyu apanue huku, yule asiguse kule, jua linashuka, na sanduku limelala ukingoni likingoja kama abiria aliyekosewa tiketi. Bi Skola aliwatazama. Watu hawa walikosea kwa kumfanyia Gaudensi kile ambacho wangefanyiwa wao. Kule mjini kuna watu hawakukosea kitu. Kila kitu kilikwenda kwa utaratibu.

Alijifunga joho la zambarau kiunoni, akachukua jembe lililokuwa karibu, akaruka ndani ya kaburi.

"Bi Skola! Toka, hiyo kazi ya wanaume!"

"Wanaume wangu wako mjini wamefungiwa," alisema, akapiga jembe. "Sogeeni."

Alichimba kwa hasira. Kila pigo lilikuwa na jina la mtu, na majina mengine siwezi kuyachapisha kwa kuwa wenyewe hununua gazeti hili. Pigo la mwisho, lililomvunja kucha, lilikuwa na jina lake mwenyewe. Mwanandani ukafutika. Mahfoudh akaruka ndani naye, bila kuambiwa, akakwangua kingo kwa mikono. Wakapanua mpaka kitanda cha futi tatu na nusu kikaingia bila kugusa ukuta.

Gaudensi akashuka. Mara hii hakukwama.

Basi wote wakamgeukia Bi Skola. Mbarouk alivua viatu. "Haya," alisema. "Sema, sisi tunafuata."

Na hapo Bi Skola akagundua jambo la kutisha. Kitabu cha maziko kilikuwa kabatini, nyuma ya geti. Miaka yote ile yeye aliimba tu. Maneno alikuwa akisema padri, na padri aliposema, Bi Skola alikuwa akipekua karatasi za wimbo unaofuata.

Hakuwa nayo hata sentensi moja.

Aliusimamisha msalaba kwenye udongo laini, upande wa kichwani, akaushika kwa mkono mmoja.

"Mungu," alisema, kwa sauti ya mtu anayegombana na mwenye duka. "Huyu ni Gaudensi. Alikuwa mlevi, unajua. Alikuwa haimbi, alikuwa anapiga kelele. Mimi nilimfukuza. Sikumfukuza kwa ajili yako, usije ukaambiwa hivyo. Nilimfukuza kwa sababu alinitia aibu mbele ya wageni. Leo tumemfungia geti, sisi uliotubatiza. Na hawa, ambao hawasali tunavyosali, wamemtandikia kitanda. Sijui nikuombe nini. Nina hasira. Nina hasira na Zebedayo, na kwaya yangu, na mimi zaidi ya wote. Mpokee. Na akitaka kuimba huko, Bwana, mwache aimbe, nasi tulioziba masikio tutajua la kufanya tukifika. Amina."

"Amin," waliitikia wanaume wa Mangapwani. Kutoka chini ya mikarafuu, sauti ya mwanamke ikaitikia peke yake, imechelewa kidogo.

Mbarouk akasogea. "Ndiyo hayo maneno yenyewe?"

"Siyo," alisema Bi Skola. "Ya kitabuni ni mazuri zaidi."

"Haya nayo mazito," alisema Mbarouk. Akachukua udongo kwa kiganja, akatia.

Wote wakatia. Udongo ukapanda, ukawa tuta, msalaba umesimama juu yake wima, kibao cha shaba kinang'aa. Bi Skola ndiyo kwanza alikaa chini, akaitazama miguu yake mitupu, ili alie kwa raha kidogo.

Hakupewa nafasi. Gari jeupe likaingia shambani, likavunja muhogo wa watu, likasimama. Akatoka Mzee Zebedayo na koti lake. Akatoka mhazini na pamba puani. Akatoka na askari mmoja kijana, kutoka kituo cha njiani, uso wake ukisema kwamba zamu hii hakuiomba.

"Huyo hapo!" alisema Mzee Zebedayo. "Mkamate!"

"Asalaam aleikum," alisema askari kwa watu wote. Wakamwitikia. "Mama, huyu mzee anasema umeiba."

"Nimeiba," alisema Bi Skola.

Askari hakuwa amezoea majibu ya namna hiyo. "Ulichoiba kiko wapi?"

Bi Skola alionyesha.

Askari aliutazama msalaba. Akalitazama tuta, udongo bado mbichi. Akavua kofia yake polepole.

"Mzee," alisema, "hili ni kaburi."

"Ni mali ya kanisa! Soma hapo, jina la baba yangu! Uchukue, uutie garini."

"Nakusikia. Lakini mimi siugusi. Kama wako, vuta mwenyewe."

Mzee Zebedayo alitazama huku na huku. Wanaume wa Mangapwani walikuwa wamekaa, majembe chini. Hakuna aliyemzuia. Hilo ndilo lililokuwa baya. Alipanda kwenye tuta, viatu vyake vikazama.

"Vuta," alisema Bi Skola, akainuka. "Vuta, mzee. Watu hawa hawajaona Mkristo anavyong'oa msalaba kwenye kaburi la Mkristo. Waonyeshe."

"Baba yangu alipiga magoti mbele ya msalaba huu!"

"Mbele ya msalaba, au mbele ya kibao?"

Mzee Zebedayo akaushika msalaba kwa mikono yake miwili.

Na hapo, wasomaji wapenzi, kutoka chini ya udongo, kutoka ndani kabisa ya sanduku la Mahfoudh, kikasikika kishindo. Ko! Ko! Ko! Mzee Zebedayo akapiga yowe, akauachia msalaba, akakimbia kuelekea baharini koti likipepea, mhazini nyuma yake, na pamba ya puani ika—

Haya. Haya, nimekamatwa. Nakuoneni mnavyolikunja gazeti.

Hakuna kilichogonga. Gaudensi amekufa, na sanduku lilikaa kimya kama masanduku yote. Kishindo nilikitia mimi. Nilitaka mzee yule aogope akimbie, nanyi mcheke, mkanywe chai, nami nisilazimike kuandika kilichotokea kweli.

Aliuvuta.

Haukutoka mara ya kwanza. Aliukumbatia, akautingisha kama mtu anayeng'oa muhogo, udongo ukamomonyoka upande wa kichwani kwa Gaudensi, ukatoka. Akauweka begani, akashuka kwenye tuta akihema. Kutoka chini ya mikarafuu Bi Mwanaasha alitoa sauti ambayo sijui niiandike vipi.

Mzee Zebedayo alipoinua macho, hapakuwa na njia. Wanaume wa Mangapwani walikuwa wamesimama kati yake na gari, bega kwa bega, na Mbarouk mbele yao.

"Mzee," alisema Mbarouk, "rejesha."

"Askari!" aliita Mzee Zebedayo. Askari alikuwa akitazama muhogo uliovunjika.

Mbarouk hakumtazama tena mzee. Alimtazama Bi Skola, na wote wakamtazama Bi Skola. Mfiwa ni yeye. Neno ni lake. Hasira ilikuwa imemjaa mpaka kooni, na safari hii hapakuwa na kiatu, hapakuwa na geti, palikuwa na mzee mmoja peke yake na watu wanaongoja aseme.

Akafungua mdomo.

Na kwa kuwa nimeshaanza kukiri, nimalizie kabisa: nilipofika hapa kuandika, kalamu mkononi, nilikuwa naomba kwa Mungu aseme, "Mpigeni."